Flopi ya Mwalimu

Wiki mbili zilizopita, binti anayeshughulikia kompyuta ofisini kwetu aliinama mezani pangu, akabonyeza hiki na kile, kisha akaniambia, "Dada, mashine yako ina virusi," akaendelea kutafuna muhogo wake wa kuchoma. Hakuna aliyeinua kichwa. Wenzangu wakaendelea na chai, mmoja akauliza sukari imewekwa wapi. Mimi nikanyanyuka nikaenda kusimama chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na maelezo ya kumpa mtu.

Wewe nitakupa maelezo. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi sana, kwenye sherehe na hata kwenye matanga, na watu hujishika mbavu kwa kicheko, kwa sababu huwa nakisimulia kama kichekesho cha mtaani kwetu Mwembesongo, enzi zile kompyuta ni kitu cha kupigiwa hodi. Ila kuna kipande huwa nakiruka. Nakiruka kwa ustadi, wala hakuna aliyewahi kugundua. Leo sikiruki, na ukimaliza kusoma ukaniona mtu mbaya, sitabishana na wewe.

Baba alikuwa karani kiwandani. Ilikuwa miaka ile viwanda vya Morogoro vinauzwa kimoja kimoja, na kila mwezi kulikuwa na baba wa mtu anarudi nyumbani mchana kweupe na bahasha mkononi. Baba yetu naye alirudi na bahasha, na wiki chache baadaye akarudi na mkokoteni. Juu ya mkokoteni, imeviringishwa kwenye blanketi la kitandani kwao, ilikuwa kompyuta ya ofisini ambayo tajiri mpya wa kiwanda hakuitaka. Mama alikuwa anategemea pesa ya bahasha italeta mashine ya kusaga. Alilitazama lile blanketi lake, akaingia jikoni, na kwa siku mbili hakumsemesha baba zaidi ya "chakula tayari".

Lakini mama hakuwa mtu wa kununa sana. Siku ya tatu alitoa uzi na sindano, na wiki ilipoisha monita ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kibodi kitambaa chake, printa kitambaa chake, vyote vya rangi moja na vile vya makochi. Sebule yetu ikawa kama msikiti, viatu nje. Baba aliamini vumbi la Mwembesongo lina nia mbaya na mashine yake binafsi. Feni tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na tangu siku ile haikumgeukia binadamu tena. Ukali wote wa joto la mwezi wa pili sisi tunajipepea na madaftari, feni inapepea kompyuta.

Halafu kulikuwa na mambo ya umeme, we acha tu. Wingu likianza kuifunika milima ya Uluguru, hata kabla ya ngurumo, baba anakimbia kuchomoa waya. Umeme ukikatika ghafla tulikuwa tunasikia mguno wake kutoka sebuleni, "Haa, kazi yangu," na ukirudi, mashine inajikagua yenyewe polepole, asilimia moja baada ya nyingine, sisi tumekaa kimya kama tumeuguliwa. Ikimaliza salama, baba anasema "Alhamdulillah" na mama anaruhusiwa kufungulia redio. Printa ilikuwa na sauti ya mtu anayechana kanga. Ikilia, mtaa mzima unajua kwetu kuna kazi, kadi za harusi ya fulani au barua za vijana wanaoomba ajira kwenye yale makampuni mapya.

Na mtihani. Hapo ndipo anapoingia Mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Kinole, milimani, mwenye ile sauti ya Kiluguru inayopanda mwisho wa sentensi hata akikukaripia. Alikuwa mjane. Mumewe aliugua muda mrefu akafariki, na wakubwa walipolitaja jambo hilo walikuwa wanashusha sauti tukipita. Mshahara wa mwalimu unajulikana, kwa hiyo jioni alikuwa anafundisha tuisheni barazani kwake, watoto thelathini na zaidi kwenye mikeka, na mimi nikiwamo. Akitoka hapo anakuja kwetu na flopi yake, ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya pochi. Yeye na baba wanatunga na kuchapa mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa vidole kumi, akiniwekea kanga juu ya mikono nisione herufi. Nikipatia neno refu ananipa kipande cha mdalasini kutoka kwao, nakaa nakinyonya mpaka usiku. Nilimpenda. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu hudhani tunawafanyia ubaya wale tusiowapenda.

Sheria ya baba ilikuwa moja, nayo aliirudia kila siku: flopi ya nje haiingii humu isipokuwa mimi nipo. Flopi ya Mwalimu tu ndiyo ilikuwa na ruhusa, kama ndugu wa nyumbani.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Rafiki yangu mmoja, ambaye mama yake alifanya kazi chuoni, alinipa flopi yenye mchezo wa nyoka anayekula matunda akirefuka. Jumamosi moja baba alikwenda sokoni kutafuta karatasi, mama alikuwa msibani. Nikavua viatu kama sheria inavyotaka, nikavunja ile kubwa. Nilicheza mpaka nyoka akajaa kioo kizima. Kisha nikatoa flopi, nikazima, nikatandika kitambaa, nikaipepea monita ili baba asiikute na joto. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya nne kazi za baba zikaanza kuharibika. Ukifungua kadi ya harusi unakuta viboksi na alama za ajabu. Ukifungua mtihani, unakuta nusu ukurasa, mwingine mweupe. Baba aliizima, akaiwasha, akasali rakaa mbili, akaiwasha tena. Jioni akaenda kumleta mtu kutoka chuoni, bwana mmoja mpole mwenye miwani, ambaye baba kwa heshima alimwita mtaalamu. Mtaalamu akapima kwa flopi zake mwenyewe, akatikisa kichwa. Akasema vimeingia virusi, vimeshasambaa, na kinachowezekana ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kazi ya miezi. Mama akalia palepale, mikono kichwani, maana kamati ya harusi ilikuwa inakuja kuchukua kadi kesho yake. Mtaalamu akauliza kama kuna flopi iliyotoka nje.

Baba akanigeukia. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Akaniuliza kwa upole, na laiti angeniuliza kwa fimbo: "Mama, kuna flopi yoyote ya nje imeingia humu mimi sipo?"

"Ya Mwalimu tu, baba."

Nilisema hivyo. Na wala sikutetemeka. Ya Mwalimu ilikuwa imeingia kweli, kwa hiyo nilijiambia sijasema uongo kamili. Baba akaguna, akasema masikini, hakujua. Ikaishia hapo.

Sasa ingekuwa imeishia hapo kweli, nisingekuwa nalia chooni.

Kesho yake asubuhi nilitumwa vitumbua kwa jirani. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, jiko lake liko mlangoni kwake, hatua ishirini kutoka kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anageuza vitumbua kwa kijiti. Akaniuliza mbona kwetu kumepoa hivyo, hata redio ya asubuhi hajaisikia. Mimi nikaona nimepata habari ya kikubwa ya kusimulia. Nikamwambia baba hajalala, virusi vimeingia.

Kijiti kikasimama. "Virusi? Nani kasema?"

"Mtaalamu alikuja jana akapima. Kasema vimeshasambaa, tumechelewa."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua. Alilia sana."

Akatazama kwetu, akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Vimetoka wapi, mwanangu?"

"Kwa Mwalimu," nikasema. "Si ndiye anayekuja kila jioni."

Pale ndipo nilipokiona kitumbua kinaungua, na yeye hakigeuzi. Akafunga vitumbua vyangu kwenye karatasi, akaongeza viwili ambavyo sikuviomba. Lakini hakunipa mkononi kama siku zote. Aliviweka juu ya kigoda, akasogea nyuma, akasema chukua mwanangu, Mungu awasimamie.

Sikiliza, mimi nilikuwa darasa la tano, sikuwa mtoto wa kunyonya. Ukutani shuleni kwetu kulikuwa na picha ya mtu aliyebaki mifupa, na neno lile lile kwa herufi nyekundu. Enzi zile virusi ni kitu kimoja tu, hakuna aliyeuliza vya nini. Nilipoona kile kigoda, nilielewa. Nilielewa yote, kuanzia mtaalamu hadi Mwalimu. Ilihitajika niseme maneno matatu tu, ni vya kompyuta, naye angecheka, angegeuza kitumbua chake, yangeisha. Lakini nikawaza: akicheka atakwenda kumhadithia mama, na wakianza kuzungumza habari za flopi, itatafutwa upya flopi iliyoleta balaa ni ipi. Nikachukua vitumbua. Nikasema asante. Hiki ndicho kipande ninachokirukaga.

Habari ilizunguka Mwembesongo kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Mama aliisikia bombani siku ya tatu, ndoo zinasogezwa kando yeye akifika. Alipoelewa watu wanazungumza nini, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akajifunga kanga, akazunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ni virusi vya kompyuta, vinaingia kwenye mashine, mtu haviwezi kumshika. Watu wakamsikiliza kwa huruma. Wakamwambia pole shoga, ndiyo, vya kompyuta. Na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwonea huruma, mke mwema anayemsitiri mumewe. Ndani ya mwezi huo maneno yale yakawa msemo wa mtaa. Mtu akikonda, "amepata vya kompyuta". Vijana wa kijiweni wakimwona baba anapita na bunda la karatasi wanaambiana mzee kakanyaga waya, naye waya anazo kweli sebuleni. Hapa ndipo wasikilizaji wangu hucheka kuliko pote, na mimi hucheka nao.

Bibi aliisikia kule Kinole. Alishuka na gari la ndizi, na furushi la mizizi kichwani, akamchemshia mwanawe sufuria zima bila kumuuliza swali. Baba alikunywa kikombe kizima, uso umemkunjamana, ili asimvunje moyo mama yake.

Baba aliokoka. Alikuwa mnene, akaendelea kuwa mnene, na watu hawakuacha kuoana wala kuomba kazi. Mwaka haujaisha, wateja walikuwa wamerudi. Mwalimu ni habari nyingine. Uongo wangu ulimkaa kama nguo iliyopimwa na fundi cherehani: mjane, mume aliugua kwa muda mrefu, mwenyewe mwembamba kwa asili. Barazani kwake mikeka ikaanza kukunjwa. Thelathini wakawa ishirini, ishirini wakawa sita. Wazazi hawakumwambia kitu; mtoto anaumwa tumbo, mtoto kapelekwa kwa shangazi yake Dumila. Kwenye shughuli akipakua chakula, sahani yake haiguswi. Na mtu wa kumwambia wazi ili ajitetee hayupo.

Wiki mbili baada ya mtaalamu kupima, mashine ikiwa imefutwa na kuwaka upya, Mwalimu alikuja kwetu jioni. Habari ya bombani ilikuwa bado haijamfikia, ila baba alikuwa amemtajia kuhusu flopi. Mimi nilikuwa naleta chai. Aliweka bahasha yake mezani, na mikono yake juu ya bahasha.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi," alimwambia baba. "Mimi ndiye niliyewaletea balaa hili. Nitakuja kila siku nichape upya mpaka kazi zenu zirudi."

Baba akamwambia hakuna haja, ni bahati mbaya, mashine ndivyo zilivyo. Mimi nikaweka sinia. Alinishukuru kwa chai. Alikuja kila siku kama alivyoahidi, akachapa kazi ambazo niliziharibu mimi, mwezi mzima, huku mtaa ukimhesabia siku anazoingia nyumbani kwetu. Kila alipokuja aliwapa majirani maneno mapya, na hakujua.

Mwisho barazani nilibaki peke yangu. Baba alikataa katakata kuniondoa. Alisema yeye hafuati ujinga wa watu. Basi mwanafunzi mmoja, mkeka mmoja, na mwalimu mmoja anayefundisha sehemu kwa sauti ile ile ya kufundishia watoto thelathini. Nilifaulu vizuri sana mwaka ule. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili akaomba uhamisho, akarudi Kinole kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Nilimsaidia kubeba vitabu mpaka kwenye gari.

Yule mama wa vitumbua naye nimwelezee, maana hana wa kumtetea. Hakuwa mbaya. Alimwambia dada yake tu, tena kwa kumwapisha, na huyo dada ndiye aliyetapakaza. Kwetu yeye alileta uji asubuhi na mapema, mara mbili kwa wiki, akiuacha mlangoni kwa heshima, bila kutaja lolote. Mama alikuwa anaunywa kwa hasira.

Siku hizi nikipita Mwembesongo sipajui. Baraza la Mwalimu limekuwa duka la simu. Kiwanda alichofanyia baba kazi ni ghala. Flopi hata mwanangu hajui ni nini. Nilimwonyesha picha akadhani ni sanduku la kiberiti. Na lile neno lililoweza kukunja mikeka ya watu thelathini, sasa mtu analisema mdomo umejaa chakula. Watu wanameza dawa zao, wanalea wajukuu, hakuna anayemwekea mwenzake vitumbua juu ya kigoda. Nafurahi kwa hilo, Mungu anajua. Ila nilikuwa nimezoea kujiambia kwamba yale yaliharibiwa na zama zile, na ujinga wa watu wa wakati ule. Zama zimeondoka zote, mimi nimebaki na langu.

Ndiyo maana baada ya kulia chooni nilijiambia basi. Jumamosi nikapanda gari mpaka Kinole. Njiani nilijifunza maneno kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa: Mwalimu, flopi haikuwa yako, ilikuwa yangu, na mtaani aliyesema ni mimi.

Nilimkuta anaanika karafuu uani. Mzee sasa, mwembamba vilevile, mzima wa afya kuliko mimi. Nikapiga magoti nikamshika mikono, shikamoo Mwalimu. Alinitambua kabla sijamaliza. Akaagiza fenesi lipasuliwe, akaita majirani, akawaambia huyu ndiye yule mtoto; wote walinikimbia, huyu hakuniacha. Kumbe alikuwa amewasimulia habari zangu miaka yote ile. Wanawake wale wakaja mmoja mmoja kunipa mkono.

Walipoondoka alinisogelea. "Unajua nani alinifanyia vile?"

Nikajua anajua, na nikuambie ukweli, nilipata nafuu ambayo sijawahi kuipata maishani.

"Yule mama wa vitumbua," akasema. "Nasikia ameshafariki. Wote nimewasamehe mwanangu, kila nikiswali nawataja. Yule nimeshindwa."

Maneno yangu yote nilikuwa nayo mdomoni, nimeyapanga tangu stendi. Nikamtazama yule mzee, mikono yake inanuka karafuu, ameshika mkono wangu kwa nguvu kabisa.

"Ni kweli Mwalimu," nikasema. "Yule mama alikuwa na mdomo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua viganja akaniombea dua ndefu, kwa sauti, akimwambia Mungu amlinde mtoto huyu mwaminifu na uzao wake wote.

Nikaitikia amina.